Rambam, Ramban na kosa la kuandika "Rabi Rambam"

Rambam, Rashi, Rif: haya ni majina yaliyoundwa kwa herufi za mwanzo za cheo na jina la mwanazuoni wa Kiyahudi, yakasomwa kama neno moja. Rambam ni Rabi Moshe ben Maimon, mzaliwa wa Córdoba aliyefariki Misri mwaka 1204. Rashi ni Rabi Shlomo Yitzhaki wa Troyes, Ufaransa (1040–1105). Rif ni Rabi Yitzhak Alfasi, yaani mtu wa Fez, mji wa Moroko.

Basi ile R ndiyo Rabi yenyewe, au Rabenu, "rabi wetu". Anayeandika "Rabi Rambam" ametaja cheo mara mbili.

Irabu nazo huwapoteza watu. BAKITA imechukua silabi za Baraza, Kiswahili na Taifa, kwa hiyo irabu zake zimetoka kwenye maneno hayo. Kiebrania huandika konsonanti. Kwenye ukurasa Rambam ni R-M-B-M, na alama mbili ndogo kabla ya herufi ya mwisho humjulisha msomaji kwamba huu ni ufupisho. Zile "a" anazitia mwenyewe. B ni ya ben, ndugu wa bin tunayoijua. Katika Rif, "i" inatokana na herufi Yod inayoanza Yitzhak, na F ni ya Fasi, "al" ikiwa imeachwa.

Kosa zito zaidi ni kumchanganya Rambam na Ramban. Ramban ni Rabi Moshe ben Nahman wa Girona (1194–1270), aliyewatetea Wayahudi katika mjadala wa Barcelona mwaka 1263 mbele ya mfalme wa Aragon. Kwa Kiebrania hawachanganyiki kirahisi: M ya mwisho wa neno ni kisanduku kilichofungwa, N ya mwisho ni mstari unaoshuka chini. Kwa herufi zetu tofauti ni ndogo mno, na madhara yake si madogo. Rambam alizihesabu amri 613 za Torati. Ramban akaandika pingamizi juu ya hesabu hiyo. Ukikosea herufi moja, umemfanya mtu ajipinge mwenyewe.

Tena si kila jina fupi ni ufupisho. Meiri, mwanazuoni wa Perpignan, ni jina lake tu, na "Tam" ya Rabenu Tam, mjukuu wa Rashi aliyeitwa Yakobo, ni sifa ya Yakobo wa kitabu cha Mwanzo. Kwa upande mwingine, ufupisho mmoja unaweza kuwa wa watu kadhaa. Raavad wako zaidi ya mmoja: Avraham ben David wa Posquières, Ufaransa, mkosoaji mkali wa Rambam, na Avraham ibn Daud wa Toledo, mwanahistoria.

Kwa hiyo, unapomtaja mara ya kwanza andika "Rabi Moshe ben Maimon (Rambam)", kisha endelea na "Rambam" peke yake. Kwa Raavad, ongeza na mji wake.