Ziwa Chala na theluji ya Kilimanjaro: yanayosemwa Mombasa na yaliyo kweli

Likizo ya Aprili ikikaribia, swali majumbani ni lile lile: watoto tuwapeleke wapi, maana bahari wameshaizoea? Jibu moja zuri ni Chala, ziwa la kreta, yaani shimo la volkano, lililo mashariki mwa Kilimanjaro, mpaka wa Kenya na Tanzania ukilikata katikati. Ila kuna maneno yanayoisindikiza safari hii ambayo si ya kuyabeba.

"Tutoke alfajiri, tuone theluji, jioni turudi." Kwa mwendo, yawezekana. Mombasa hadi Voi ni kama kilomita 150, kisha unakata kushoto kupitia Mwatate na Maktau, 110 nyingine hivi mpaka Taveta, mji ulio karibu na ziwa, lami tupu. Tatizo ni mlima. Jua likishapasha misitu ya chini, unyevu hupanda na kugeuka wingu, na kufikia saa nne asubuhi Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, mara nyingi imeshajifunika. Hufunuka tena jua likielekea kuchwa. Aliyekula mahamri yake Mombasa alfajiri atafika mchana, apige picha ya wingu, arudi akiapa ameona theluji. Laleni Taveta, muamke kabla ya saa kumi na mbili. Na mjue mnatazama nini: upande huu Mawenzi ndiyo iko karibu, kilele cha miamba iliyochongoka, mita 5,149. Kibo yenye barafu, mita 5,895, iko nyuma yake, mviringo. Mtoto akilalamika kwamba haoni theluji, huenda anaitazama Mawenzi.

"Masika si wakati wa kwenda." Nusu ya hilo ni kweli, maana mawingu ni mengi na njia za udongo huwa tope. Lakini masika ndiyo huongeza theluji juu. Mvua inayotulowesha huku chini huanguka kule kama theluji, na asubuhi iliyotakata baada ya usiku wa mvua, vumbi limelala, ndiyo bora kuliko zote. Mimi ningeichukua asubuhi moja kama hiyo kuliko wiki nzima ya ukungu wa kiangazi.

"Maji ya Chala ni theluji iliyoyeyuka." Hili hata watu wazima hulisema kwa uhakika. Ziwa halina mto wa juu unaoingia wala unaotoka. Hulishwa chini kwa chini, na maji yenyewe hasa ni ya mvua inayonyesha kwenye misitu ya miteremko ya mlima, ikazama kwenye miamba ya volkano. Barafu ya Kibo ni kidogo mno kuweza kulijaza, tena imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Anayelitakia ziwa heri aulinde msitu. Kosa la namna hiyo hiyo tunalo kuhusu maji ya chemchemi za Mzima, yanayoletwa Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950: wengi huyaita ya Kilimanjaro, kumbe ni mvua ya vilima vya Chyulu.

"Karibu na ikweta hakuna theluji." Leo ni utani, lakini wasomi wa London waliushikilia kwa dhati. Johannes Rebmann, mmisionari aliyekaa Rabai (iko kulia ukipita Mazeras), aliiona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848, masika hayo hayo. Alipoandika, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, akambishia miaka na miaka.

"Malkia Victoria alimpa mjukuu wake mlima kama zawadi." Hadithi tamu, ila mpaka ulichorwa kwa makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886, na mjukuu mwenyewe, Wilhelm, hakuwa Kaisari wa Ujerumani mpaka 1888. Mstari ulitoka pwani karibu na Vanga, ukapinda kuuzunguka mlima kwa kaskazini. Mombasa ikabaki kwa Waingereza, Kilimanjaro ikaenda kwa Wajerumani.

"Ziwa halina mwisho." Linao: kina chake ni takriban mita 90. Mwaka 2016 watafiti walitoboa hata tope la chini yake, zaidi ya mita 200, kusoma hali ya hewa ya zamani.

La mwisho ni la kuogelea: "maji ni safi, hayana kitu." Machi 2002 msichana Mwingereza wa miaka 18 aliuawa na mamba hapa. Ukingo wa kreta wenyewe ni mkali. Njia ya kushukia ina changarawe zinazoteleza, na ndara hazifai kabisa. Wavisheni watoto viatu vya kufunga, mmoja wa wakubwa atangulie, mwingine awe nyuma, na mkifika chini kaeni mbali na maji.