Hakuna mtoto aliyerukishwa darasa: mtaala ulioboreshwa unavyokuzwa

Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika Tanzania Bara Januari 2024, wazazi wanaendelea kulalamika kwamba watoto wa darasa la tatu wa mwaka ule "wamerukishwa", kwa kuwa watamaliza shule ya msingi pamoja na wale waliowatangulia. Hakuna aliyerukishwa. Aliyeanza la tatu mwaka 2024 anasoma elimu ya msingi ya miaka sita, na atamaliza la sita mwaka 2027. Aliyekuwa la nne amebaki kwenye mtaala wa miaka saba, naye atamaliza la saba mwaka huohuo. Wote wataingia kidato cha kwanza Januari 2028.

Hali hii ilionekana mapema. Ndiyo sababu utekelezaji katika elimu ya awali na msingi ulianzia Awali, la kwanza na la tatu, badala ya madarasa yote kwa mpigo. Mtoto aliyekwisha fika la sita hawezi kuhamishiwa mtaala ambao misingi yake hakufundishwa. Linalostahili kujadiliwa kwa bidii ni vyumba, madawati na walimu wa kupokea makundi mawili kwa wakati mmoja. Wazazi, ulizeni hilo kwenye vikao vya kamati za shule na kwa madiwani wenu sasa, si Desemba 2027.

Lipo pia dai kwamba mtaala uliandikwa na watu wachache waliojifungia ofisini. Rais Samia Suluhu Hassan alipolihutubia Bunge Aprili 2021 alizungumzia kupitiwa upya kwa sera na mitaala, na baada ya hapo Taasisi ya Elimu Tanzania ilikusanya maoni ya wadau. Rasimu ziliwekwa hadharani Mei 2023. Wengi wanaouliza leo "tulishirikishwa lini?" walikuwa na nafasi ya kuzisoma wakati ule.

Kazi yenyewe huenda hatua kwa hatua. Mahitaji huchambuliwa kwanza, ndipo huandikwa mtaala wa ngazi husika. Kutokana na mtaala hutoka muhtasari wa kila somo, yaani mpangilio wa yatakayofundishwa, na kutokana na muhtasari huandikwa kitabu cha kiada na kiongozi cha mwalimu. Wataalamu wa somo, wahadhiri na walimu wa darasani huketi pamoja kwenye uandishi. Mwalimu wa darasani ndiye anayesema kwamba mada hii haimaliziki kwa vipindi vilivyopangwa, na akisema hivyo sisi waandaaji wa mtaala tunapaswa kumsikiliza.

Halmashauri haina mtaala wake, wala mwalimu mkuu hana mamlaka ya kufuta somo au kuongeza lake. Shule ikibainika kufundisha nje ya muhtasari, mthibiti ubora wa shule huandika taarifa na kutoa maelekezo ya kurekebisha. Ikikaidi, suala hupanda ngazi hadi kwa Kamishna wa Elimu. Kitabu cha ziada nacho ni lazima kiwe na ithibati, yaani kibali rasmi, kabla ya kutumika darasani. Februari 2023 Wizara ilipiga marufuku vitabu kadhaa mashuleni, zikiwamo shule binafsi. Mzazi akiagizwa kununua kitabu, aulize ithibati yake kabla ya kutoa fedha.

Na tuache kusema mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya kazi na stadi, ni wa walioshindwa. Anayechagua ufundi au kilimo kidato cha kwanza yuko sekondari kama mwenzake wa mkondo wa jumla.

Shuleni na kwenye kata ndipo ufundishaji wa mtaala unapoboreshwa, na sehemu hii inapuuzwa mno. Kupitia MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), walimu hukutana kwenye jumuiya za ujifunzaji kupitia mada ngumu na kuandaa zana. Mkuu wa shule anayefuta vikao hivyo ili kupisha mitihani ya majaribio anawanyima walimu msaada, na anatunyima sisi taarifa za yanayokwama darasani.

Ukiona kosa kwenye kitabu, andika somo, darasa, mwaka wa toleo, ukurasa na sentensi yenyewe, kisha eleza kwa nini unaona si sahihi. Mpe mwalimu wa somo, au itume moja kwa moja Taasisi ya Elimu. "Kitabu hiki ni kigumu" haitupeleki popote. "Ukurasa huu unadai mtoto agawanye kabla hajafundishwa kugawanya" ni hoja ambayo paneli ya somo, yaani jopo la wataalamu wake, inaweza kuikagua na kuisahihisha kwenye toleo linalofuata.