Uponyaji jumuishi: mgonjwa mmoja, mpango mmoja

Ukimwuliza mtu wa Lamu hali akakujibu "mzima", ameshakwambia mambo matatu: yu hai, hana maradhi, na hakupungua kitu. Hilo la tatu ndilo kiini cha uponyaji jumuishi. Ni mpango mmoja wa matibabu ambamo ushauri wa kisaikolojia, dawa za asili na ibada kila kimoja kina kazi iliyotajwa, na wanaomtibu mgonjwa wanajua wenzao wanafanya nini. Anayekwenda kliniki asubuhi na jioni kwa mwalimu, yule anayewasomea wagonjwa Kurani, huku akifichaficha pande zote mbili, hajajumuisha. Amechanganya.

Mchukue mzazi, yaani mama aliyejifungua, aliye ndani ya siku arubaini za uzazi, mtaa wa Mkomani. Hapati usingizi hata mtoto akilala, analia bila sababu, chakula hakipiti kooni, na nyumba nzima imeshasema ameingiliwa na jini. Kazi huanzia mwilini: apimwe joto, presha na wingi wa damu, kwa kuwa homa ya uzazi na upungufu wa damu pia humlegeza mtu akaonekana si yeye. Kisha hufuata dodoso la sonona liitwalo PHQ-9, maswali tisa juu ya wiki mbili zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10, aangaliwe kwa karibu. Swali la tisa, la kutamani kufa au kujidhuru, lina hukumu yake peke yake: hata akipata alama 1 tu, azungumzwe naye siku hiyo hiyo. Aulizwe pia, bila kubishiwa, yeye mwenyewe anaona amepatwa na nini. Akisema jini, liandikwe jini. Mshauri anayeanza kwa kulikanusha humpoteza mgonjwa siku ya kwanza.

Kwa ushauri wenyewe, Shirika la Afya Duniani lina programu ya PM+ (Problem Management Plus), iliyojaribiwa na wanawake wa Nairobi: vikao vitano, kimoja kwa wiki, dakika 90 kila kimoja. Hufundisha kupumua polepole, kulichambua tatizo moja moja, kurudia shughuli kidogo kidogo, na kutafuta watu wa kushikana nao. Huendeshwa hata na mtu asiye daktari, mradi amefunzwa na anasimamiwa. Hapa pwani somo, yule mwanamke anayemlea na kumfunza mzazi, ni hazina kubwa, maana ndiye anayemkanda kila siku, na ndiye wa kumkumbusha mazoezi kati ya kikao na kikao. Kikao chenyewe mavyaa, mama mkwe, asiwepo. Mara nyingi yeye ndiye habari yenyewe.

Kwa upande wa ibada, kombe huandikwa aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, likakoshwa kwa maji au marashi, mgonjwa akanywa. Halina ugomvi na vidonge. La kuangalia ni wino na maji: isitiwe rangi ya nguo wala wino wa kalamu, maji yawe yamechemshwa, na marashi yawe ya kunyweka. Kusomewa jioni kwa saa ile ile, na mtu ameketi kando yako, hutuliza. Kupumua polepole kunaweza kwenda pamoja na tasbihi. Huharibika pale msomaji anapomshurutisha mgonjwa ataje nani aliyemtumia jini. Likitajwa jina la shangazi, nyumba inavunjika, na mgonjwa anabeba hatia juu ya huzuni.

Mafusho yana hatari isiyosemwa vya kutosha. Chetezo chenye makaa chini ya shuka, dirisha limefungwa, hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu. Mzazi anaumwa kichwa, anapepesuka, anazimia, na watu wanasema jini amepanda. Makaa yaungulie nje mpaka yakolee, dirisha liwe wazi muda wote, shuka lisitumike, na mtoto awe chumba kingine.

Dawa za asili ziandikwe kwa jina na kipimo kwenye daftari lile lile la kliniki. Kungumanga, chembe kidogo kwenye uji haina neno. Vijiko viwili vya chai, kama gramu 5, hufanya moyo kwenda mbio na mtu kuona vitu visivyokuwapo. Habasoda hushusha presha na sukari, kwa hiyo anayemeza dawa za maradhi hayo amwambie daktari.

Vidonge vya sonona huchukua wiki mbili hadi nne kabla havijaonyesha kazi. Wengi huviacha siku ya kumi wakisema havifai, na hilo lisemwe wazi siku ya kuviandika.

Lakini mzazi anayesikia sauti, anayekesha siku mbili akizungumza yasiyoeleweka, au anayesema mtoto si wake, hangoji kikao wala kombe. Hali hii huanza zaidi katika wiki mbili za mwanzo baada ya kujifungua. Asiachwe peke yake na mtoto, asifungwe kamba, apelekwe hospitali siku ile ile. Anayetoka Faza au Siyu, kisiwani Pate, atafutiwe chombo mara moja, na mwalimu aliyekuwa akimsomea apande naye.