Kujitolea katika programu za kubadili tabia kwa watoto na vijana: maana yake

Mkoa wa Iringa unavuna mahindi, viazi, maharage na mboga za kulisha mpaka miji ya mbali. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliukuta ukiongoza nchini kwa udumavu: takribani watoto 57 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Njombe na Rukwa walikuwa kwenye 50 hivi, na wastani wa taifa ulikuwa 30. Chakula kipo. Kinachokwama kinakwama njiani, kati ya ghala na bakuli la mtoto, na hapo ndipo zinapoingia programu zinazoitwa za mabadiliko ya kijamii na tabia.

Programu hizi ni kazi iliyopangwa ya kuisaidia jamii iache mazoea fulani au ianze mengine, kwa kushughulikia kile hasa kinachowafanya watu waishi wanavyoishi. Wakati mwingine ni kutojua. Mara nyingi zaidi ni kukosa muda au pesa, ni neno la mama mkwe, ni aibu, ni umbali wa zahanati, ni hofu ya majirani watasemaje. Kujitolea ndani yake, basi, ni kutoa muda wako kwa hiari, bila mshahara, ukikitafuta kizuizi hicho pamoja na wale wanaoishi nacho, kisha mkasaidiana kukiondoa. Wengi wanaojiunga hudhani wanakwenda kutoa elimu. Elimu imo, lakini ni sehemu ndogo, na anayeanza nayo kabla ya kusikiliza hupoteza muda wake na wa watu.

Chukua nyumba moja katika kijiji cha milimani wilayani Kilolo, Iringa, mwezi Julai, baridi kali. Mhamasishaji, yaani huyo anayejitolea, ni binti wa kijiji kilekile. Anabisha hodi saa tano asubuhi, anamkuta bibi na mjukuu wa miezi minane.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu, keti huku kwenye jua."

"Mtoto ameshakula?"

"Amekunywa uji. Mama yake ameuacha kwenye chupa alfajiri, akaenda shamba."

"Na ukiisha?"

"Anasubiri mama yake arudi."

Mazungumzo hayo mafupi yanaonyesha mengi. Mama wa mtoto huyu amesikia kliniki, tena zaidi ya mara moja, kwamba mtoto akitimiza miezi sita aendelee kunyonya na aanze kupewa chakula kizito cha mchanganyiko. Anajua. Lakini saa za mchana anayemlisha mtoto ni bibi, na bibi hajawahi kuitwa kwenye kikao chochote cha lishe. Uji ni wa mahindi matupu, umefanywa mwepesi ili umiminike kwenye chupa. Kuku wanataga, ila mayai yanakwenda dukani kuleta chumvi na sabuni. Chini ya mti kuna maparachichi madogo ambayo wanunuzi waliyakataa.

Mhamasishaji akimwambia bibi kwamba anakosea, mlango utafungwa, na bibi atakuwa na haki, kwa sababu amelea watoto wengi na wamekua. Akimuuliza, "Bibi, hili parachichi tukiliponda, mjukuu atalipenda?" wameanza. Wiki inayofuata wanasaga karanga kidogo kwenye unga wa uji. Baadaye anaongea na baba wa nyumba kuhusu kubakiza yai moja kila wanapopeleka mengine dukani, maana uamuzi wa mayai upo kwake. Hatimaye bibi huyo ndiye anayeonyesha mapishi Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, mbele ya bibi wenzake. Kwangu mimi hapo ndipo kazi ilipofanyika kweli: mwenye sauti nyumbani amelichukua jambo akalifanya lake, na wengine wamemwona.

Kumwona mwenzako akitenda kuna nguvu kuliko tunavyodhani. Sehemu kubwa ya tunayoyafanya tunayafanya kwa sababu tunaamini kila mtu anayafanya, au kwa sababu tunahisi tutasemwa tukiacha. Wakati mwingine imani hiyo si ya kweli hata kidogo. Vijana kumi wa bodaboda kwenye kijiwe kimoja wanaweza kila mmoja kimoyomoyo kutaka kupima virusi vya UKIMWI, na kila mmoja akadhani wenzake watamcheka. Wakienda wawili hadharani, wakarudi wakaendelea na kazi, wale wanane wamepata ruhusa ambayo bango la barabarani lisingewapa.

Na kwa nyanda zetu za juu kusini hili si jambo la mfano tu. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha kiwango cha maambukizi kwa wenye miaka 15 na zaidi kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati taifa lilikuwa asilimia 4.4. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya hadi Tunduma, na kila panapolala malori kuna vijana wanaotafuta riziki: wauza matunda, wahudumu wa baa na nyumba za wageni, mafundi, wapagazi. Kwao anahitajika mwelimishaji rika, yaani kijana wa umri wao na wa mazingira yao aliyepata mafunzo. Swali lake halianzi na "Unajua UKIMWI unaambukizwaje?" Wanajua tangu shule ya msingi. Anauliza kwa nini dada anayejua yote hayo anashindwa kumtamkia mwanaume mwenye pesa kwamba bila kondomu haiwezekani, na nani angemuunga mkono akitamka.

Tanzania ina mfano wa zamani unaosaidia kuelewa hili. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliogusa uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI. Watafiti waliiacha Dodoma ipate vipindi vyake vya kawaida hadi 1995, ili wailinganishe na mikoa iliyosikia mchezo. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kule uliposikika. Kilichochangia ni kwamba wasikilizaji waliuzungumza na wenza wao na rafiki zao. Redio ilifungua mada, watu wenyewe wakaimalizia jikoni na vilabuni. Anayejitolea ni mmoja wa wanaoyafanya mazungumzo hayo yawezekane pale ambapo hayajaanza.

Kwa watoto kuna mipaka ambayo haina mjadala. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na Sera ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inamhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35. Binti wa miaka 16 kwenye klabu yako yupo kote kuwili. Mshirikishe kama kijana mwenye mawazo yake, mlinde kama mtoto. Usikae naye peke yake chumba kilichofungwa, usimpige picha ukaisambaza, usimuahidi kumtunzia siri kabla hujajua siri yenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu siri zitakuja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walipitia ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Ukiendesha klabu ya watoto vizuri, wakakuamini, kuna atakayekuambia. Kazi yako saa hiyo ni kumsikiliza, kumwambia kwamba kosa si lake, na kulifikisha jambo kwa afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, au simu namba 116 ambayo ni ya huduma kwa mtoto na haitozwi. Usimhoji kama mpelelezi. Na usikubali kuketishwa kwenye kikao cha kuyamaliza kifamilia, hata kama wanaokuita ni wazee unaowaheshimu na kuna mbuzi amefungwa nje tayari. Ni vigumu, hasa ukiwa mzaliwa wa hapohapo, lakini mtoto yule hana mwingine aliyemwambia.

Suala la posho linasemwa kwa kunong'ona, nami naona lisemwe wazi. Kujitolea maana yake hakuna mshahara. Haimaanishi ujilipie nauli ya kutoka Makete mjini kwenda vijijini, ununue vocha na daftari, upoteze siku nne za shamba kwa wiki, halafu ripoti yenye jina la taasisi isomwe mkutanoni. Programu ya haki inarudisha gharama, inatoa mafunzo, inaandika makubaliano ya saa na muda, na ina msimamizi unayeweza kumpigia. Ukiona kijana amefanya kazi ya mwajiriwa mwaka mzima kwa jina la kujitolea, huyo ananyonywa. Vilevile anayejiunga akitazamia ajira tu ajue mapema kwamba hajaahidiwa.

Kipimo nacho kina tatizo lake. Karatasi ya mahudhurio yenye sahihi 80 ni rahisi kuipata, hasa soda ikiwepo. Maswali yenye maana huchukua muda: mayai yanabaki nyumbani? Bibi anaonja uji akaona ni mzito? Wale vijana wawili wa kijiwe wamempeleka na mwenzao wa tatu kupima? Weka daftari lako mwenyewe la mambo hayo, hata kama fomu haiyaulizi.

Anayetaka kuanza aende ofisi ya kata amuone afisa maendeleo ya jamii, aulize ni programu zipi zinaendelea na zinahitaji watu wa aina gani. Apate barua ya utambulisho, kisha apite kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa kabla ya kugonga mlango wowote. Aangalie na msimu. Mvua zikianza Novemba kila mtu yuko shambani kupanda, na barabara za Ludewa na Makete zinakuwa tope. Agosti na Septemba, mahindi yakishaingia ghalani, utawakuta watu nyumbani na wana muda wa kukaa nawe.