Bustani za zamani Lubumbashi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kila jakaranda zinapochanua, kabla tu ya mvua, ubishi uleule unarudi: bustani za mjini zitengenezwe watu wapate pa kukaa, au ziachwe kwa kuwa ni kumbukumbu? Mara nyingi wanaobishana wamekosea pande zote mbili.

Dhana: Kuhifadhi ni kutogusa.
Nyumba ya matofali unaweza kuifunga ufunguo miaka kadhaa ukarudi ukaikuta. Bustani haikungoji. Msimu mmoja wa mvua bila kufyekwa, ishakuwa pori. Mkataba wa Florence wa 1981, unaohusu bustani za kihistoria, unaihesabu bustani kuwa mnara wa kumbukumbu ulio hai: mimea yake hufa na hupandwa upya. Basi mti ukizeeka, kuuondoa na kupanda wa aina ileile palepale ndiyo hifadhi yenyewe. Ila miche iandaliwe mapema, siyo mti uangukie ukuta wa jirani ndipo itafutwe. Na wageni hawafukuzwi. Mkataba unataka wingi wao ulingane na ukubwa na udhaifu wa mahali, na viwanja vya michezo ya vurugu vikae pembeni. Choo na bomba la maji navyo vinaweza kupata kona yao.

Dhana: Sementi ndiyo maendeleo.
Hii inaniuma. Niliwahi kumkuta fundi akimwaga zege hadi kwenye gome la jakaranda. Akasawazisha kwa mwiko, akapaka shina chokaa, kazi ikang'aa. Nikamuuliza, "Fundi, mti huu utakunywa wapi?" Akacheka: "Mvua si itanyesha, papa!" Itanyesha, naam, na maji yatateleza juu ya zege yaishie mtaroni. Mizizi inataka maji na hewa. Ukiifunika yote, mti unadhoofika polepole, na lawama anapewa mchwa. Pavé, yaani vitofali vya kutandika njia, zikilazwa juu ya mchanga bila sementi katikati, na shina likaachiwa duara pana la udongo, maji yanapenya na mwenye kiti cha magurudumu anapita vizuri tu.

Dhana: Hakuna sheria ya mambo haya.
Ipo: ordonansi-sheria (amri ya rais yenye nguvu ya sheria) namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971, ya kulinda mali za utamaduni.

Dhana: Historia ni ile waliyoiacha Wabelgiji.
Mji huu ulianza 1910 kwa jina la Élisabethville, na hata jakaranda tunazojivunia asili yake ni Amerika Kusini. Tukisimulia bustani za katikati ya mji bila kutaja eneo tupu lililotenga mji wa wazungu na mitaa ya Waafrika, kama Kamalondo, tumehifadhi nusu tu.

Kisha kuna vichuguu. Watafiti walipima kwa kaboni umri wa vichuguu vikubwa vya msitu wa miombo hapa Katanga, na katika matokeo yaliyotoka 2015 kikongwe kilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 2,000. Sisi tunavibomoa tufyatue matofali! Kikibaki kimoja bustanini, kiwekewe kibao na benchi la kivuli. Mvua za kwanza zikinyesha, watoto watakuwa wameshafika na ndoo zao kuokota kumbikumbi, inswa kama tunavyoziita huku.