Ukoo wa Shimazu wa Satsuma: Dhana Potofu Kuhusu Nasaba Yao na Yale Yanayosemwa na Nyaraka

Ni koo chache za samurai nchini Japani zilizoshika eneo moja kwa muda mrefu kama ukoo wa Shimazu, uliotawala Satsuma, kusini mwa kisiwa cha Kyushu, tangu 1185 hadi 1871, mwaka ambao serikali mpya ya Tokyo ilifuta tawala zote za mabwana wa mikoani. Kwa karibu miaka 700 hiyo ukoo huo ulizungukwa na hadithi nyingi, na baadhi yake ulizitunga wenyewe kwa makusudi. Bahati njema ni kwamba ulitunza pia barua, hati na amri zake, zaidi ya 15,000, ambazo leo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Tokyo na kutambuliwa kuwa hazina ya taifa. Mara nyingi hati hizo ndizo zinazokanusha yale ambayo ukoo wenyewe ulipenda yaaminiwe.

Dhana kwamba mwasisi wao alikuwa mwana wa Yoritomo

Hadithi inayosimuliwa zaidi husema kwamba Shimazu Tadahisa, mwasisi wa ukoo, alikuwa mwana wa siri wa Minamoto no Yoritomo, shogun (mtawala wa kijeshi) wa kwanza wa Kamakura. Mama yake, Tango no Tsubone, anasemekana kukimbia wivu wa Hojo Masako, mke wa Yoritomo, na kujifungua usiku wa mvua kando ya hekalu la Sumiyoshi, huku mbweha wakimwangazia kwa mioto yao. Hadi leo wageni wa hekalu hilo mjini Osaka huonyeshwa jiwe linalodaiwa kuwa mahali pa uzazi huo.

Hadithi ni nzuri, lakini haikubaliani na tarehe. Simulizi huweka kuzaliwa kwa Tadahisa katika 1179, ilhali shajara ya mkuu mmoja wa baraza la kifalme mjini Kyoto inamtaja mwaka huohuo kama ofisa wa ulinzi aliyeshiriki katika msafara wa sikukuu ya Kasuga. Mtoto mchanga hawezi kupanda farasi katika msafara. Isitoshe, tangu 1160 hadi 1180 Yoritomo alikuwa uhamishoni Izu, mbali kabisa na Kyoto, mji mkuu wa wakati huo, akiwa chini ya uangalizi wa maadui zake.

Hati ya 1185 inayompa Tadahisa usimamizi wa milki ya Shimazu inamtaja kwa jina la Koremune Tadahisa. Wakoremune hawakuwa watu wa damu ya kishogun. Walikuwa familia ya maofisa waliofanya kazi za utawala mjini Kyoto, wakihudumia nyumba ya Konoe, tawi mojawapo la ukoo mkubwa wa Fujiwara. Hapo ndipo penye ufunguo wa habari yote, kwa kuwa milki ya Shimazu, iliyoanza katika karne ya 11 katika eneo la Miyakonojo ya sasa na kukua hadi kuwa miongoni mwa milki kubwa kuliko zote nchini, ilikuwa mali ya nyumba hiyohiyo ya Konoe. Tadahisa alikuwa mtu aliyeaminika pande mbili: mabwana wa Kyoto walimjua kama mtumishi wao, na Yoritomo alimhitaji mtu wa namna hiyo ili kuweka mkono wake Kyushu bila kuwachokoza wenye mali. Baadaye ukoo ukachukua jina la milki hiyo kuwa jina lake.

Kwa vizazi kadhaa wakuu wa ukoo waliendelea kujiandika kuwa Wafujiwara, wakifuata nasaba ya waajiri wao. Madai ya kuwa Waminamoto yalishika nguvu kuanzia karne ya 15, na katika karne ya 17, serikali ya mashogun wa ukoo wa Tokugawa ilipoamuru nasaba za mabwana wote zikusanywe, yaliingizwa rasmi. Mwaka 1779 Shimazu Shigehide alikwenda mbali zaidi kwa kulitengeneza upya kaburi la Yoritomo mjini Kamakura na kumjengea Tadahisa kaburi jirani nalo. Kwa maoni yangu, hilo lilikuwa tendo la kisiasa kuliko la ibada: bwana wa mkoa wa pembezoni alikuwa akiwakumbusha Watokugawa, kwa adabu kubwa, kwamba asili yake si duni kuliko yao.

Dhana kwamba urithi ulipita kutoka baba hadi mwana bila kukatika

Orodha ya wakuu wa ukoo, iliyopewa namba kuanzia wa kwanza hadi wa 29 wakati wa Meiji (1868–1912), hufanya urithi uonekane kama kamba moja iliyonyooka. Lakini Tadahisa mwenyewe alinyang'anywa vyeo vyake mwaka 1203, jamaa zake wa ukoo wa Hiki walipoangamizwa mjini Kamakura, na alirudishiwa Satsuma baadaye bila kupata tena nafasi yote aliyokuwa nayo. Katika karne ya 14 ukoo uligawanyika matawi mawili yaliyopigana vikali. Kufikia mwanzo wa karne ya 16 nyumba kuu ilikuwa dhaifu kiasi kwamba ilimpanga Takahisa, kijana wa tawi dogo la Isaku, kuwa mwana wa kulea na mrithi. Tawi jingine lilipinga, na Takahisa pamoja na baba yake Tadayoshi walipigana kwa miaka mingi kabla cheo hicho hakijawa na maana. Wakuu wote mashuhuri waliofuata wametokana na tawi hilo dogo. Jambo hilo halikuwa aibu kwa Wajapani wa wakati ule, kwani lililopaswa kuendelea lilikuwa nyumba, na mtoto wa kulea aliweza kuiendeleza sawa na mtoto wa kuzaa.

Dhana kwamba nembo yao ni msalaba wa Kikristo

Nembo ya Shimazu ni msalaba ndani ya duara, na kwa kuwa Mtakatifu Fransisko Ksaveri alitua Kagoshima, makao ya ukoo, tarehe 15 Agosti 1549, wengi huunganisha mambo hayo mawili. (Ni Ksaveri yuleyule aliyepitia Msumbiji na Malindi mwaka 1541 na 1542 akielekea Goa.) Hata hivyo, alama ya msalaba bila duara inaonekana katika bendera za Shimazu kwenye michoro ya vita dhidi ya Wamongolia iliyochorwa mwishoni mwa karne ya 13, zaidi ya miaka 200 kabla ya padri yeyote kufika huko. Takahisa alimpokea Ksaveri kwa matumaini ya biashara na Wareno, na biashara ilipoelekea kwenye bandari nyingine, mwaka uliofuata alipiga marufuku watu wake kubatizwa.

Nembo hiyohiyo imewafanya baadhi ya watu wadhani kwamba kampuni ya Shimadzu, ambayo vifaa vyake vya maabara na vya eksirei vimeenea duniani, ni mali ya ukoo. Ilianzishwa Kyoto mwaka 1875 na fundi Shimadzu Genzo, asiye wa ukoo huo. Familia yake husimulia kwamba babu yao wa kale alizawadiwa jina na nembo na Shimazu Yoshihiro.

Dhana kwamba ujasiri wa Sekigahara ndio uliowaokoa

Katika vita vya Sekigahara, mwaka 1600, vilivyompa Tokugawa Ieyasu utawala wa Japani, Shimazu Yoshihiro alikuwa upande ulioshindwa, akiwa na watu wapatao 1,500 tu. Badala ya kurudi nyuma alipenya katikati ya jeshi la Tokugawa Ieyasu, huku vikundi vidogo vya wapiga bunduki vikibaki njiani na kufyatua risasi hadi kufa ili yeye apite. Mpwa wake Toyohisa aliuawa, na waliofika nyumbani hawakuzidi makumi. Tendo hilo linastahili kusifiwa, na pia linakanusha wanaodhani kwamba samurai walidharau bunduki, kwani silaha hiyo iliingia Japani mwaka 1543 kupitia kisiwa cha Tanegashima, mlangoni mwa Satsuma, na Washimazu walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia.

Lakini ujasiri haukuwanusuru wengine. Ukoo wa Mori ulipoteza sehemu kubwa ya ardhi yake baada ya vita hivyohivyo. Yoshihisa, kaka mkubwa wa Yoshihiro, alikuwa amebaki nyumbani na jeshi ambalo halikupigana, katika nchi ya mbali ambayo kuivamia kungemgharimu Ieyasu fedha na watu wengi. Alidai kwamba mdogo wake alitenda kwa hiari yake, akaimarisha mipaka, akaandika barua, akachelewesha mambo kwa takriban miaka miwili, hata mwaka 1602 Ieyasu akawathibitishia ardhi yao yote.

Dhana kwamba Ryukyu ilimezwa na Satsuma mwaka 1609

Mwaka huo jeshi la watu wapatao 3,000 liliushinda ufalme wa Ryukyu, yaani Okinawa ya leo, na kumpeleka Mfalme Sho Nei Japani kama mateka. Aliporudishwa, alirudishwa akiwa mfalme. Washimazu hawakutaka ufalme ufe, kwa sababu China ilifanya biashara ya heshima na mfalme aliyetambuliwa nayo, wala isingeifanya na bwana wa Satsuma. Kwa hiyo wajumbe wa China walipofika Okinawa, maofisa wa Satsuma walijificha. Visiwa vya Amami, upande wa kaskazini, havikupata bahati hiyo: vilitwaliwa moja kwa moja, na baadaye wakazi wake wakalazimishwa kulima miwa iliyouzwa na Satsuma peke yake. Katika miaka ya 1830, Zusho Hirosato, ofisa wa fedha wa Satsuma, aliposhughulikia deni la takriban ryo (sarafu ya dhahabu) milioni tano kwa kuwaambia wakopeshaji kwamba watalipwa kidogo kidogo kwa miaka 250, sukari ya Amami ndiyo iliyojaza hazina tena. Sifa za Satsuma ya karne ya 19, viwanda vyake na meli zake, haziwezi kusimuliwa kwa haki bila jasho la visiwa hivyo.

Dhana kwamba Saigo Takamori alipigania ukoo huo

Saigo, kiongozi maarufu wa uasi wa Satsuma wa 1877 dhidi ya serikali mpya, alizaliwa katika familia ya samurai wa ngazi ya chini, na hakuwa Mshimazu. Aliinuliwa na Shimazu Nariakira, bwana wa Satsuma, lakini Hisamitsu, ndugu yake Nariakira, aliyeshika madaraka baada ya Nariakira kufa mwaka 1858, hakumpenda, na mwaka 1862 alimfukuzia kisiwani. Saigo alipoasi mwaka 1877, Hisamitsu na mwanawe Tadayoshi, bwana wa mwisho wa Satsuma, hawakumuunga mkono. Uchungu wa Hisamitsu ulikuwa mwingine: tawala za mikoani zilipofutwa mwaka 1871, kwa kazi ya watu waliokuwa watumishi wake, inasimuliwa kwamba alifyatua fataki usiku kucha katika bustani yake kwa hasira.

Dhana kwamba nasaba ni habari ya wanaume

Wanaobishana kuhusu Yoritomo husahau kwamba uhusiano wa ukoo huu na kilele cha utawala wa Japani upo, umeandikwa, na umepitia kwa wanawake. Shigeko, binti wa Shigehide, aliolewa na shogun wa 11, Tokugawa Ienari. Atsuhime, aliyezaliwa katika tawi la ukoo na kulelewa na Nariakira, aliolewa mwaka 1856 na shogun wa 13, Iesada, na mwaka 1868 jeshi la Satsuma lilipoukaribia mji wa Edo (Tokyo ya leo) aliandika barua kuiombea nyumba ya mumewe kwa watu wa nyumbani kwake. Kabla ya kuolewa, wote wawili walifanywa kwanza mabinti wa kulea wa nyumba ya Konoe, ileile ambayo Tadahisa aliitumikia, ili wawe na hadhi ya kutosha. Chikako, binti wa Tadayoshi, bwana wa mwisho wa Satsuma, aliolewa na mwanamfalme Kuni Kuniyoshi, na binti yao Nagako akawa mke wa Mfalme Mkuu Hirohito na mama wa Akihito.