Weusi wa kisu cha mfukoni si kutu

Hapa Mwanza, mtu akiona kisu cha kukunja kimeingia weusi husema kimeoza, kisha anakisugua kwa msasa mpaka king'ae. Jamani, msikisugue! Chuma chenye kaboni nyingi, kama kile cha baadhi ya visu vya Opinel vinavyotengenezwa Ufaransa tangu 1890, hubadilika rangi kikikata embe, ndimu au kitunguu. Asidi huacha utando mwembamba, wa kijivu au wa bluu, ulioshikamana na chuma, nao hupunguza kasi ya kutu. Kutu yenyewe ni nyekundu, hubanduka, huchimba. Wakusanyaji wengi huuthamini sana utando ule. Ukimaliza kupaa sato, kioshe, kikaushe hadi kwenye bawaba, kipake mafuta kidogo.